Ganda Dogo Chini ya Ufizi: Hotuba kwa Wazazi Kuhusu Bisi na Meno

Hotuba hii ilitolewa na tabibu wa meno katika mkutano wa wazazi na walimu wa shule ya msingi wilayani Arumeru, mkoani Arusha.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu na walimu wako, wazazi, walezi, na ninyi wanangu mliokaa mbele kabisa kwenye majani: nawasalimu nyote kwa heshima, na nawashukuru kwa kuacha mashamba msimu huu wa kupanda mkaja kusikiliza habari za meno.

Mwalimu Mkuu aliponialika katika juma hili la Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 20 Machi, aliniomba nizungumzie meno kwa ujumla. Nimemwomba radhi, nami nizungumzie kitu kimoja tu, nacho ni bisi. Nimechagua hivyo kwa sababu bisi zimeingia kila mahali: zinauzwa getini, zinapikwa nyumbani mvua ikinyesha, zinagawiwa kwenye sherehe za watoto, na kijana akienda kutazama mpira kwenye banda la video hakosi kuwa na mfuko mkononi. Na kwa sababu zimezoeleka hivyo, madhara yanayokuja nazo yanafika kwenye kiti changu cha matibabu yakiwa yamechelewa, mgonjwa mwenyewe akiwa hajui kabisa kuwa chanzo ni bisi alizokula Jumapili iliyopita.

Niseme mapema, ili akina mama wanaouza bisi pale getini wasiingiwe na hofu, kwamba sikuja kuzipiga marufuku. Bisi ni nafaka nzima, zina nyuzinyuzi, na hazina sukari ya kuongezwa mpaka sisi wenyewe tuiweke. Mtoto akiniuliza ale bisi zisizo na sukari au biskuti, nitamwambia ale bisi, kwa maana biskuti ikitafunwa hugeuka tope tamu linalojibana kwenye mabonde ya magego na kukaa humo muda mrefu. Hoja yangu ni kwamba bisi zina sehemu tatu za kuchunga, yaani ganda, punje isiyopasuka na sukari ya juu yake, na kwamba ganda, ambalo ndilo dogo kuliko zote, ndilo tunalolidharau zaidi.

Ili tulielewe ganda, tuelewe kwanza bisi inavyopasuka. Mahindi ya bisi ni ya aina yake, yana ganda gumu lisiloruhusu mvuke kutoka kirahisi, na ndani ya kila punje mna wanga pamoja na maji ya kiasi cha asilimia 14 hivi. Sufuria ikishika moto na joto la punje likafika karibu nyuzi 180, maji yale hugeuka mvuke, wanga hulainika, na mgandamizo ndani ya punje hupanda hadi karibu mara 9 ya ule wa hewa ya kawaida. Hapo ganda hushindwa na kupasuka, wanga hufumuka, hupoa papo hapo na kuwa lile povu jeupe tunalolipenda. Macho yetu yote hubaki kwenye kile cheupe, na ganda tunalisahau. Lakini ganda halikwenda popote. Limevunjika vipande vipande, na vipande hivyo bado vimeng'ang'ania pale chini ambapo bisi ilianza kufumuka.

Chukueni bisi moja, muichane polepole kwa vidole, mtaviona. Ni vipande vya rangi ya kahawia inayong'aa, vyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, vimepinda kama kijiko, na pembeni vina ncha. Sasa lifikirieni jino nalo lilivyo. Jino lina mviringo, na ufizi haukushikamana nalo hadi ukingoni. Kati yake na ukingo wa ufizi mna kijifuko chembamba sana, ambacho kwa mtu mwenye fizi zenye afya hushuka milimita 1 hadi 3 tu. Kipande cha ganda, kwa jinsi kilivyopinda, hukaa kwenye ule mviringo wa jino kana kwamba kilipimwa, na unapotafuna kinasukumwa kuingia ndani ya kijifuko. Kikishaingia, ulimi haukifikii, na mswaki hupita juu yake bila kukigusa.

Ile sehemu nyeupe ya bisi haina shida hiyo, kwa kuwa mate huanza kuumeng'enya wanga tangu mdomoni, hivyo hata ikibaki kati ya meno hulainika na kuondoka. Ganda limejengwa kwa nyuzinyuzi ambazo mate hayaziwezi. Litakaa pale leo, kesho na keshokutwa, likichoma nyama laini ya ufizi, huku bakteria wa ukoga wakipata mahali pa kujificha na kuzaliana. Mwili nao unalitambua kuwa ni kitu kigeni na kuanza kupigana nalo: ufizi unakuwa mwekundu, unavimba, unatoka damu ukiguswa, kisha usaha unajikusanya. Hapo tayari ni jipu la ufizi.

Alikuja kwangu mama mmoja, mfanyabiashara wa sokoni, shavu la kulia limevimba mpaka jicho limeanza kufumba. Kwa siku 9 alikuwa anameza vidonge alivyonunua dukani, akipata nafuu, akiacha, na uvimbe ukirudi. Alikuwa ameshaamini kwamba jino limeoza na ameniletea ombi moja tu, nimng'oe. Nililitazama lile gego kwa kioo na taa, nikaligonga, nikalipiga picha ya eksirei, na jino lilikuwa zima, halina tundu hata la kuingiza ncha ya sindano. Nikampiga ganzi, nikapitisha kifaa chembamba kati ya jino na ufizi, usaha ukatoka, na nyuma ya usaha kikatoka kitu ambacho nilikiweka juu ya pamba nyeupe na kumwonesha. Kilikuwa kipande cha ganda la bisi, kimekuwa cheusi, hakizidi nusu ya punje ya mchele. Alikitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akasema kwamba alikula bisi na wajukuu wake siku mbili kabla ya maumivu kuanza. Nilikisafisha kile kijifuko kwa maji ya chumvi ya hospitali, na alipolala usiku ule alilala usingizi.

Naisimulia habari hii kwa sababu ya lile ombi lake. Angekutana na mtu mwenye haraka, angeng'olewa jino zima kwa kosa la ganda. Wahenga wetu walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na mimi ambaye kazi yangu ni pamoja na kutengeneza meno ya bandia nawathibitishia kwamba walisema kweli tupu. Pia naisimulia kwa sababu ya vile vidonge. Antibayotiki hupunguza bakteria, nasi huziandika pale ugonjwa umeenea au mgonjwa ana homa, lakini hakuna kidonge kinachoweza kuchomoa ganda. Ganda likibaki, uvimbe utarudi kila dozi inapoisha, na bakteria wanaobaki wanaweza kuwa sugu kwa dawa hiyo.

Wenye magego ya mwisho yanayochomoza, ambayo kwa kawaida hutoka kati ya miaka 17 na 25, wanapaswa kuwa waangalifu zaidi, na hapa nawatazama walimu vijana. Gego hilo likitoka nusu hubaki na kipande cha ufizi kilichokaa juu yake kama mfuniko, na chini ya mfuniko huo ganda la bisi likiingia huwa limepata nyumba. Uvimbe wa mahali hapo unaweza kumfanya mtu ashindwe kufungua mdomo au kumeza, na ukifikia hapo usisubiri siku ya kliniki, njoo siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa wenye kisukari, ambao fizi zao hupata maambukizi kwa urahisi na hupona polepole, na kwa wenye meno ya bandia ya kuvua, maana ganda likiingia chini ya bati la meno husuguliwa kwenye ufizi mpaka litoe kidonda.

Sasa tufanye nini mtu akihisi kuna kitu kimemchoma kwenye ufizi? Kwanza niwaambie tunachofanya sasa, kwa sababu nakiona kila wiki. Tunachokonoa. Tunachukua njiti ya kiberiti, pini ya nguo, mwiba, ncha ya kalamu, ukucha, na kuanza kuchimba. Ganda lililokuwa limeingia milimita moja linasukumwa mpaka milimita tatu, ufizi unachanika, na uchafu wa kile tulichoshika unaingia kwenye jeraha. Ninaamini kabisa kuwa majipu mengi ninayoyatumbua yameletwa na pini kuliko ganda lenyewe. Hata vile vijiti vya kuchokolea meno vya mezani, ambavyo vina kazi yake ya kutoa nyama iliyokwama wazi kati ya meno mawili, havifai kuchomekwa chini ya ufizi.

Badala yake, chukua glasi ya maji ya uvuguvugu, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga, kisha sukutua kwa nguvu upande unaouma, sekunde 30 hivi kila funda moja, mpaka glasi iishe. Mara nyingi hilo peke yake linatosha. Lisipotosha, tumia uzi wa kusafishia meno, ambao unapatikana kwenye maduka ya dawa mjini: upitishe kati ya meno kwa kuusogeza mbele na nyuma, usiukandamize kwa ghafla ukaikata nyama, kisha uukunje ulikumbatie jino moja, uushushe taratibu hadi chini kidogo ya ukingo wa ufizi, na uuvute kwenda juu ukiwa bado umelikumbatia jino. Kama ni meno ya juu, geuza: pandisha, kisha vuta kwenda chini. Rudia kwa jino la pili lililo jirani, kwa sababu ganda hujificha upande wowote kati ya hizo mbili. Halafu piga mswaki wenye nywele laini ukiwa umeuinamisha kuelekea kwenye ufizi, kwa mizunguko midogo, bila kusugua kama anayesugua sufuria. Anayetumia mswaki wa mti, kama walivyotumia wazee wetu waliotuachia neno hilo, autafune ncha yake mpaka iwe laini kabisa, na aupitishe kutoka ufizini kwenda kwenye jino.

Ukifanya hivyo kwa siku mbili na bado panauma, au ufizi umevimba, au unaonja usaha, njoo tukuone. Usiweke tumbaku pale. Usiweke kidonge cha aspirini kwenye ufizi, kwa kuwa aspirini huunguza nyama ya mdomo. Nimeshatibu kidonda cheupe cha aspirini ambacho kilikuwa kikubwa kuliko ugonjwa uliotibiwa. Aspirini humezwa kwa maji, tena na mtu mzima, watoto wasipewe.

Nimeeleza ganda kwa urefu. Sasa nije kwenye punje isiyopasuka, zile punje ngumu zinazobaki chini ya sufuria, ambazo watoto wetu huzipenda kuliko bisi zenyewe na hushindana kuzivunja kwa meno. Gamba la nje la jino ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, madini yake yanafika asilimia 96 hivi, lakini ugumu si sawa na uimara. Sahani ya udongo nayo ni ngumu, na ikidondoka hupasuka. Punje ile ikikaa kati ya vilele viwili vya magego, nguvu yote ya taya inakwenda kwenye nukta moja. Jino lililozibwa zamani, au lililotolewa kiini, linaweza kupasuka hapohapo. Wakati mwingine ufa unakuwa mdogo usioonekana, na dalili yake ni ya ajabu: mtu akiuma haumii sana, akiachia ndipo maumivu yanampiga kama shoti, na maji baridi hayanyweki upande huo. Gamba hilo halina chembe hai za kulitengeneza upya. Mfupa wa mguu ukivunjika utaunga, ufa wa jino hauungi. Ukiuona mapema tunaweza kuufunika, ukifika mzizini tunang'oa.

Na hapa kwetu Arumeru jambo hili lina uzito wa pekee. Nyote mnajua meno yetu yalivyo, na mnajua maneno ambayo watoto wetu huambiwa wakienda kusoma mikoa mingine. Ile rangi ya kahawia si uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki, ni madini ya floraidi yaliyozidi kwenye maji tuliyokunywa wakati meno yetu yakijengwa ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya chemchemi na mito inayoteremka kutoka Mlima Meru huzidi kiwango hicho mara nyingi. Jino lililoathirika kidogo hubadilika rangi tu. Lililoathirika sana lina gamba lenye vitundu vidogo chini ya uso wake, na gamba hilo humeguka. Kwa hiyo punje ambayo mtoto wa kwingine angeivunja bila madhara, mtoto wa hapa anaweza kuivunja pamoja na ukingo wa jino lake. Ndiyo maana nasisitiza mbele yenu kuliko ambavyo ningesisitiza pengine, na ndiyo maana nawasihi akina mama wenye watoto wadogo wayatafute maji yenye floraidi ndogo, hata ya mvua yaliyokingwa vizuri, na wasipikie magadi chakula cha watoto, kwani magadi nayo yana madini hayohayo. Utaalamu wa kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa hauko mbali, uko hapa Ngurdoto.

Bibi yangu alikuwa na namna yake ya kushughulikia zile punje. Akishaipua sufuria hakutugawia. Alimwaga bisi kwenye ungo, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuutikisa taratibu kwa mikono miwili, kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka bisi nyepesi zikapanda juu na punje nzito zikazama na kukusanyika upande wake. Kisha alizichota zile za juu kwa mkono, akatujazia bakuli, na punje akawatupia kuku. Sisi tuliona anatuchelewesha. Leo nikiyatazama magego yangu, ambayo yote bado yapo, naukumbuka ule ungo. Wanaouza getini nawaomba wafanye hivyo kabla ya kufunga kwenye mifuko, na asiye na ungo atumie chekeche yenye matundu mapana, bisi zibaki juu na punje zianguke. Haigharimu hata shilingi.

Sukari sitaizungumzia kwa urefu, kwa sababu mmeshaambiwa mara nyingi. Niseme tu kwamba zile bisi za rangi nyekundu na za njano, zilizopikwa na sukari mpaka zikagandana, zinayaunganisha madhara mawili: utamu unaonata, na ganda linaloushikilia utamu huo kwenye ufizi. Bakteria wa kwenye ukoga wakipata sukari hutoa tindikali, na mate huhitaji karibu nusu saa kuituliza. Mtoto anayekula mfuko mmoja kwa dakika 10 na kunywa maji amelishambulia jino mara moja. Anayebeba mfuko huohuo mfukoni, akala punje mbili sasa na tatu baadaye, kuanzia mapumziko mpaka kengele ya kurudi nyumbani, hajaipa mate nafasi ya kufanya kazi hata kidogo. Bisi zenye chumvi kidogo, ziliwe kwa mara moja, pamoja na maji badala ya soda, na mdomo usukutuliwe baadaye. Usiku mtoto apige mswaki kwa dawa ya meno, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3 na cha punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6, mzazi akisimamia ili ateme asimeze.

Na kwa wadogo wasiofikisha miaka 4, bisi wasipewe kabisa, ziwe tamu au za chumvi. Magego yao hayajakamilika, hawawezi kusaga vizuri, na bisi au punje ikishuka kwenye njia ya hewa badala ya koo inaweza kumuua mtoto mbele ya macho yako. Hili naomba kaka na dada wakubwa mliokaa hapa mbele mlisikie, kwa kuwa ninyi ndio mnaowagawia.

Mwalimu Mkuu ameniruhusu kutumia meza ile iliyo chini ya mgrevilea. Nimekuja na ungo, chekeche, bisi zilizopikwa asubuhi hii nyumbani kwangu, na vibonge kadhaa vya uzi wa kusafishia meno. Mwalimu wa afya atawaonesha watoto namna ya kupembua, halafu watakula, na kila mmoja atatafuta ganda moja alilete kwangu nilione. Wazazi wanne wameninong'oneza kabla ya mkutano kwamba kuna mahali panawauma kwenye ufizi. Nina kioo, nina taa, nina glovu, na maji ya chumvi ya uvuguvugu yako kwenye chupa ya chai ile ya bluu. Anzeni ninyi.